Dripu ya polepole si dharau kwa mtoto wako

Ndugu Mhariri,

Wiki mbili zilizopita nilikwenda kumjulia hali mjukuu wa jirani yangu katika wodi ya watoto. Kitanda cha pili, baba mmoja alikuwa akimfokea muuguzi kijana. Mtoto wake ana homa kali, mikono imekuwa ya baridi, na dripu aliyotundikiwa inadondoka tone moja moja. "Nesi, mnamwacha mwanangu afe!" Yule binti alinyamaza, akaangalia chini. Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu baba yule, kwa sababu miaka 20 nyuma mimi ningefanya vilevile alivyotaka.

Niliuguza watoto kwa zaidi ya miaka 30. Tulifundishwa kwamba mtoto akiletwa na homa, amelegea, miguu na mikono ya baridi, ukimbonyeza ukucha wekundu unachelewa kurudi, mapigo yanakwenda mbio lakini hafifu, basi damu haimfikii vizuri mwilini: mwongeze maji kwa kasi. Tukawa tunafungulia dripu hadi mwisho. Ndivyo walivyofanya Ulaya na Marekani, penye mashine za kupumulia, nasi tuliona tunawapunja watoto wetu kwa kutowapa maji ya kutosha.

Swali la kama maji ya kasi yanamsaidia kweli mtoto wa namna hiyo likaja kuulizwa hapa kwetu. Kati ya 2009 na 2011 utafiti wa FEAST, ulioongozwa na Dkt. Kathryn Maitland, daktari wa watoto aliyekuwa akifanya utafiti Kilifi, Kenya, ulihusisha watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania. Kwa upande wetu Tanzania ilikuwa Hospitali Teule ya Muheza. Wote walikuwa na homa kali na dalili za aina hiyo, na wote walipata matibabu ya ugonjwa wao, na damu kwa aliyepungukiwa sana. Tofauti ilikuwa moja tu. Wengine waliongezewa maji kwa kasi mwanzoni, wengine walipewa yale ya kawaida ya polepole. Ilitarajiwa kwamba maji ya kasi yangeokoa maisha. Januari 2011 utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati wake. Ndani ya saa 48, katika kila watoto 100 waliopewa maji ya kasi walikuwa wamekufa zaidi ya 10. Kwa waliopewa polepole, 7.

Siku niliyosoma takwimu hizo sikuweza kula. Niliwakumbuka watoto kwa sura zao.

Wapo wataalamu waliopinga. Walisema watoto wetu wana malaria na upungufu wa damu, hawafanani na wagonjwa wa nchi zao. Kwa nchi zao huenda wana hoja, maana hata mwongozo wa kimataifa wa 2020 wa kutibu watoto wenye maambukizi makali uliendelea kuruhusu maji mengi penye chumba cha wagonjwa mahututi. Lakini sisi tunawatibu watoto hawahawa wenye malaria na upungufu wa damu! Na kundi lolote la watoto lililochambuliwa katika utafiti ule, halikupatikana hata moja lililonufaika. Pamoja na hayo, kitabu cha Shirika la Afya Duniani cha 2013 kiliendelea kuelekeza maji ya kasi, na mwongozo haukubadilishwa mpaka 2016. Miaka mitano. Wodini kwetu bango la zamani lilikaa ukutani hata baada ya hapo, nikalibandua mwenyewe.

Kinachoniuma zaidi ni akina mama. Waliombwa ridhaa mtoto akiwa mahututi, wengine kwa mdomo tu, wakaelezwa kwa kirefu baadaye. Wakakubali. Jibu waliloipatia dunia limeandikwa kwa Kiingereza katika majarida ya madaktari, na mzazi wa Morogoro bado anaamini kwamba dripu inayokimbia ndiyo tiba. Anapoona wauguzi wameacha walichokuwa wakifanya zamani, anadhani amenyimwa kwa sababu hana fedha.

Mzazi asije akachanganya mambo. Mtoto aliyekaushwa na kuhara au kutapika hakuwemo katika utafiti huu. Huyo anahitaji maji, na haraka, ya mdomo au ya mshipa kadiri alivyokauka. Tena wapo watoto wachache wenye homa, waliozidiwa na dalili zote kwa pamoja, ambao mwongozo wa 2016 unaelekeza waongezewe, ila kwa kipimo kidogo na ndani ya nusu saa hadi saa nzima. Kuamua nani ni nani ni kazi ya aliye kitandani na mtoto.

Elimu ya afya hutolewa asubuhi kliniki, akina mama wakisubiri watoto wapimwe uzito. Naiomba Wizara ya Afya iliingize jambo hili humo, kwa Kiswahili cha kawaida, na wakuu wa wodi wawafundishe wauguzi wapya namna ya kumweleza mzazi pale pale kitandani. Gazeti lako nalo lina ukurasa wa afya kila wiki.

Muuguzi mstaafu,
Morogoro