Vitabu vya maarifa kwa watoto: tusinunue jalada

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wazazi wenzangu, na wachapishaji wa vitabu pia, juu ya jambo linalonikaa moyoni.

Mimi ni fundi cherehani hapa Lindi. Nalea mjukuu wangu wa kiume, yuko darasa la tatu, na huyu mtoto anauliza tangu anapofumbua macho mpaka usingizi unapomchukua. Mwaka jana alisikia redioni habari za mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria mkubwa wa kale aliyechimbwa huku kwetu Lindi, na tangu siku hiyo nyumba haikutulia. Alikuwa mkubwa kiasi gani? Alikula nini? Mbona mifupa yake iko Berlin na sisi tuko hapa?

Nilipokwenda Dar kufuata vitambaa Kariakoo, nikapita kwenye meza ya vitabu vya mitumba. Nikachagua kimoja chenye jalada linalong'aa, mjusi kaachama, meno yote nje. Muuzaji akasema, "Chukua hicho mama, watoto wanapenda picha." Nikalipa. Tulipokaa mkekani, mjukuu akafika kwenye picha ya mijusi wakiwafukuza watu waliovaa ngozi na kushika rungu. Akanitazama. "Bibi, hawa walikuwa kabila gani?"

Sikuwa na jibu. Kuna mwalimu wa sekondari anayeshona kwangu. Ndiye aliyenieleza kwamba hapakuwa na mtu hata mmoja. Mijusi wale walitoweka yapata miaka milioni 66 iliyopita, binadamu akaja baadaye sana, na huyu wetu wa Tendaguru ni wa miaka kama milioni 150. Mbele kidogo kitabu kile kile kilihesabu sayari tisa, wakati Pluto iliondolewa kwenye hesabu hiyo mwaka 2006. Hapo ndipo nilipotafuta mwaka wa kuchapwa, nyuma ya ukurasa wenye jina la kitabu. 1994.

Iliniuma, na si kwa ajili ya fedha. Hadithi ya sungura na fisi haimpotoshi mtoto, anajua ni hadithi. Kitabu kinachosema "hivi ndivyo ilivyo" anakiamini kama anavyomwamini mwalimu wake.

Siku hizi siendi kununua kitabu bila swali la mjukuu kichwani. Kwanza naangalia mwaka. Kisha nageuza nyuma kutafuta faharasa, ile orodha ya mambo na kurasa yanapopatikana, maana mtoto mdadisi hasomi kuanzia mwanzo, anataka kulifikia jambo lake upesi. Halafu nasoma ukurasa mmoja pale pale nimesimama, nione kama mwandishi anaeleza habari hiyo ilijulikanaje. Kuandika kwamba mjusi alikuwa "mrefu kuliko nyumba" hakutoshi. Nyumba ya nani? Nani alipima, na alipima nini?

Mwalimu yule aliniazima kitabu chake cha Kiingereza, tukakisoma kwa kamusi. Kando ya mifupa kilichora kivuli cha mtu, na kipimo kikaandikwa: mifupa iliyosimamishwa katika makumbusho ya Berlin inapita mita 13 kwenda juu. Mjukuu akaniomba futi yangu ya kushonea. Ina sentimita 150. Tukailaza mchangani kuanzia kizingitini, yeye akiweka kokoto kila inapoishia. Kokoto ya tisa ikaangukia ng'ambo ya banda la kuku la jirani. Akalala chali pale pale, akatazama juu, kimya. Sijawahi kumwona mtoto yule kimya vile.

Kilieleza pia kwamba zamani mjusi huyu akiitwa Brachiosaurus na sasa wataalamu wengi humwita Giraffatitan, na sababu yake. Nilikipenda kwa hilo. Mtoto aliona kwamba hata waliosoma sana husahihishana.

Ila kiliwataja Wajerumani Janensch na Hennig tu, waliosimamia uchimbaji kuanzia 1909. Boheti bin Amrani, msimamizi mkuu wa wachimbaji, hakumo. Wala hawamo mamia ya watu wa huku kwetu waliochimba, wakaitwika mifupa ile vichwani kwa siku kadhaa mpaka bandarini Lindi. Mjukuu wangu anapita kila siku njia ya kwenda bandari hiyo hiyo.

Wachapishaji wetu, hili mnaliweza ninyi kuliko mtu wa mbali. Tuandikieni kwa Kiswahili chepesi, wekeni mwaka na faharasa, chora mnyama pamoja na mtu tupate kulinganisha, na watajeni waliofanya kazi. Tutanunua. Mimi nitaanza kununua.

Swali la wiki hii ni hili: ikiwa nyama iliisha yote, watu walijuaje kwamba mjusi huyu alikula majani? Msomaji anayejua kitabu cha Kiswahili cha watoto kinachojibu hilo anijulishe kupitia ukurasa huu. Mjukuu ameshaniuliza mara tatu leo.

Fundi cherehani,
Lindi.