Rangi ile ya Parthenon si uchafu

Ndugu Mhariri,

Jumapili mlichapa picha ya hekalu la Parthenon, Athens, mkaeleza kwamba nguzo zake "zimechafuka" na zinangoja kurudishiwa weupe. Picha ni nzuri. Neno hilo ndilo lililonikera.

Marumaru ya mlima Penteliko (si vigae vya sebuleni, ambavyo navyo siku hizi tumevipa jina hilo) ina chembechembe za chuma, na ikikaa hewani miaka mingi huingia rangi ya asali. Juu yake kuna utando wa kahawia, mwembamba kama ukoga wa meno. Mkemia Mjerumani Justus von Liebig aliuchunguza katika karne ya 19 akakuta una oksalati ya kalisi, aina ya chumvi. Ulikotoka bado wataalamu wanabishana: wengine wanasema ni kazi ya kuvumwani (kuvu na mwani vinavyoishi pamoja) iliyoota juu ya jiwe, wengine ni mabaki ya kitu walichopaka mafundi wa kale. Ule weusi ni jambo jingine kabisa. Moshi wenye salfa hugeuza uso wa marumaru kuwa jasi, na jasi hunasa masizi. Huo ndio ugonjwa. Lakini ukitazama kwa macho tu, utando na ugonjwa utaviita uchafu vyote viwili. Lazima ubanduliwe ukoko kidogo, utazamwe kwa darubini, fuwele zake zipimwe kwa eksirei.

Waliosafisha kwa macho tunawajua. Mwaka 1937 na 1938, katika British Museum, London, vibarua walikwangua sanamu za Parthenon kwa vyuma vya shaba, kwa kuwa tajiri Joseph Duveen, mfadhili wa ukumbi mpya, alizitaka nyeupe. Mwaka 2009, katika makumbusho hayohayo, mtafiti Giovanni Verri alipiga picha za infraredi, miali isiyoonekana kwa macho, akagundua mabaki ya buluu ya Misri, rangi ya kale, kwenye mshipi wa sanamu ya Iris, mungu wa kike wa Wagiriki. Kumbe hata huo weupe walioutafuta haukuwa wa asili: sanamu zilipakwa rangi! Sasa kwenye zile zilizokwanguliwa, nani atajua kilichokwenda na vumbi?

Wagiriki wenyewe husafisha kwa leza, miali ya aina mbili kwa pamoja, masizi yakatoka na rangi ya asali ikabaki. Naomba toleo lijalo msahihishe maelezo ya picha ile.

Mwalimu wa kemia,
Tanga