Afande Amepumzika

Mwanza,
14 Agosti 2023

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Siku ile tuliongea kwa haraka, nawe ulikuwa chini ya lori hapo Tunduma, ndiyo maana nimeona nikuandikie. Afande, mwalimu wetu wa ufundi magari chuoni, tulimzika Jumamosi kijijini kwao, Tarime. Alikuwa na miaka 85. Hakuugua sana. Mama, mkewe, anasema siku chache kabla ya hapo alikuwa bado anamwelekeza mjukuu wake namna ya kusafisha plagi ya pikipiki.

Mazishi yalikuwa ya heshima. Wazee wenzake wa vita vya Kagera walikuja na medali zao vifuani. Wasifu ukasomwa: alizaliwa 1938, akaingia jeshini 1965, JWTZ likiwa bado changa, akajifunza ufundi miaka ile wakufunzi wa Kanada walipokuwa nchini. Halafu vita, na hapo kila msemaji akakaa. Mimi nilikuwa nasubiri wafike chuoni. Walipofika, walisema tu kwamba baada ya kustaafu alifundisha ufundi magari, wakaendelea na ratiba. Miaka yote ile kwenye karakana, sentensi moja! Iliniuma, na bado inaniuma.

Sisemi vita vilikuwa jambo dogo. Wazazi wetu wanakumbuka Novemba 1978, Mwalimu Nyerere alipotangaza kwamba sababu ya kumpiga Amin tunayo, nia tunayo na uwezo tunao. Lakini unakumbuka Afande hakuwa akisimulia mapigano hata tumchokoze vipi? Alisimulia magari. Daraja la Kyaka limelipuliwa, mvua hazikatiki, na jeshi linasonga mbele kwa msaada wa malori na mabasi yaliyochukuliwa uraiani, mengine hayajawahi kuona tope la namna ile. Kazi yake ilikuwa kuyafikisha. Alitueleza kuhusu lori la dizeli lililozima usiku baada ya kuvuta hewa, na tochi haziruhusiwi. Akatoa upepo kwa kupapasa: analegeza nati ya juu ya filta, mkono mmoja unapampu, kidole cha mkono wa pili kiko palepale kwenye nati kinasikiliza povu. Povu likiisha na dizeli ikaja nzito, bila kukatika, anakaza.

Na sisi akatufunga vitambaa machoni tukafanya vilevile. Wewe ndiye uliyeipata wa kwanza. Mimi nilijirashia dizeli hadi kifuani, naye akasema tu, "Rudia."

Naamini ukali wake wote ulitoka kule. Fundi akisema gari zima kumbe bovu, wanaolipa ni waliopanda. Ndiyo maana hakuvumilia neno "nadhani" ndani ya karakana. "Umepima au umeota?" Nafasi ya valvu za ile Land Rover ya petroli, milimita 0.25, aliweza kuijua kwa sikio tu, bisibisi imeegemea injini na mpini uko sikioni, lakini bado alitaka fila, kile kibamba chembamba cha kupimia nafasi, ipite kila valvu mbele ya macho yake. Boliti tulizipanga juu ya gunia kwa mpangilio uleule zilivyotoka. Ikibaki moja, injini inafunguliwa upya, hata kama jua limezama na wenzetu wameshakwenda kula.

Gasketi nazo! Alitujia na ujuzi wa ile miaka baada ya vita, nchi imeambiwa ifunge mikanda miezi 18, fedha za kigeni hakuna, spea ni ndoto. Unaweka karatasi ngumu juu ya uso wa chuma, unagonga polepole pembeni kwa nyundo ya kichwa cha mviringo mpaka ukingo wenyewe uikate karatasi. Wiki iliyopita nimekata ya pampu ya maji kwa njia hiyohiyo. Kijana wangu wa kazi alisimama akiniangalia, kisha akaomba nimwachie aijaribu ya pili.

Sasa nikueleze lililonifariji. Dada yetu wa darasa, yule msichana pekee, ambaye sasa ana gereji yake Nyakato, hakuwa kwenye ratiba. Alisimama akaomba kipaza sauti. Akaeleza jinsi baba yake alivyomwachisha chuo kwa kusema kuingia chini ya magari si kazi ya mtoto wa kike. Afande alikwenda nyumbani kwao amevaa suti, akiwa na karatasi yake ya mtihani wa gia boksi mkononi. Akamwonyesha baba mtu alama moja baada ya nyingine, na kumwambia kwamba yeye angemkabidhi binti huyu gari lake mwenyewe kabla ya fundi yeyote pale mjini. Jumatatu alikuwa darasani. Sisi tuliokaa naye benchi moja hatukujua hata kidogo. Wale wazee wa medali walimpigia makofi, na mmoja wao akafuta macho kwa kofia.

Jambo la mwisho, na hili linahitaji jibu lako. Mama hataki boksi la spana ligawanywe. Watoto wamekubali, wametuachia sisi wanafunzi tuamue liende wapi. Wengine wanataka liwekwe kwenye kabati la kioo pale chuoni. Mimi sitaki. Zile spana bado zinakaza vizuri, na darasa la mwaka wa kwanza sasa hivi wanapokezana seti moja. Naomba ziingie mikononi mwao, kila moja isajiliwe kwa namba, na jioni zirudi kwenye boksi kama alivyokuwa akituhesabia. Tunakutana kwa Mama siku ya arobaini. Kama huwezi kufika, niandikie unavyoona ili nikusemee, na tuma mchango wako kupitia simu yangu hii ya kila siku.

Rafiki yako wa benchi la mwisho.