Kwa mpwa wangu anayetaka kwenda kusimama vizuizini

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mama yako ameniarifu kwamba umeomba, kupitia kanisa, nafasi ya kwenda Ukingo wa Magharibi, eneo la Wapalestina linalokaliwa kijeshi na Israeli, kwa miezi mitatu, ukatazame vizuizi ambako askari hukagua wapitao, na kwamba kila anayesikia habari hiyo hukuuliza swali moja: mtu asiye na bunduki wala mamlaka atafaa nini mbele ya askari wenye vyote viwili? Nimeona nikujibu hadharani, kwa kuwa wako vijana wengine wenye nia kama yako na wazazi wenye hofu kama ya mama yako.

Kazi hiyo haikuanzia kwa wageni. Mwaka 2001, intifada ya pili, yaani uasi wa Wapalestina dhidi ya ukaliaji huo, ikiwa imepamba moto, wanawake watatu wa Kiisraeli, Ronnee Jaeger, Adi Kuntsman na Yehudit Keshet, walianza kwenda kwenye vizuizi vya jeshi la nchi yao wenyewe, wakatazama yanayotendeka na kuyaandika. Kikundi chao, Machsom Watch, ni cha wanawake peke yao, wengi wao wa umri wa bibi yako. Naliona hilo kuwa jambo la busara, maana askari wa miaka 19 hupata taabu kumfokea mwanamke anayelingana na bibi yake, tena anayezungumza lugha yake, ingawa wapo waliothubutu. Mwaka uliofuata Baraza la Makanisa Ulimwenguni, likiitikia wito wa viongozi wa makanisa ya Yerusalemu, lilianzisha mpango wa kupeleka wafuatiliaji kutoka nchi mbalimbali, ambao ndio ulioomba kujiunga nao.

Huenda ukapangiwa zamu kwenye kizuizi namba 300, kati ya Bethlehemu na Yerusalemu. Kwa miaka mingi wanaume wenye vibali vya kufanya kazi Israeli walifika hapo kabla ya saa kumi alfajiri, wakabanana katika ujia mwembamba, ukuta wa zege upande mmoja na nondo upande wa pili, na aliyechelewa akaparamia nondo na kupita juu ya vichwa vya wenzake asije akaachwa na gari la mwajiri. Mfuatiliaji husimama karibu, amevaa kizibao chake, mkononi ana kidude anachobofya kila mtu anapopita, na daftarini huandika lango lilifunguliwa saa ngapi, ni madirisha mangapi ya ukaguzi yanayofanya kazi, na nani amerudishwa ilhali kibali chake hakijaisha muda. Lango la wagonjwa, wazee na watoto likiwa limefungwa, hupiga simu jeshini kuomba lifunguliwe.

Baada ya Oktoba 2023 vibali vya wafanyakazi zaidi ya laki moja vilisitishwa, hivyo foleni zilipungua kwa sababu watu hawakuwa tena na kazi ya kuiendea. Vizuizi vyenyewe vimeongezeka: mapema 2025 Umoja wa Mataifa ulihesabu zaidi ya 800 vya kila aina. Jeshi husema viliwekwa kuzuia mashambulizi, na ni kweli kwamba mabomu ya kujitoa mhanga yaliua watu wengi kwenye mabasi na mikahawa; usilibeze hilo. Lakini vingi haviko mpakani, viko kati ya kijiji na kijiji.

Sasa kuna mtego ninaotaka uujue. Ukiomba dirisha jingine lifunguliwe na likafunguliwa, watu watawahi kazini nawe utarudi umefurahi, huku kizuizi kilicho katika ardhi inayokaliwa kijeshi kikiwa kimepata sura ya ofisi inayohudumia wananchi vizuri. Kizuizi cha Qalandia, kati ya Ramallah na Yerusalemu, kilikarabatiwa mwaka 2019, kikawekewa malango ya kielektroniki, na foleni zikafupika sana. Aliyenyimwa kibali bado hapiti. Mimi naungana na wanaosaidia kwanza, kwa kuwa mama anayempeleka mwanawe hospitali hawezi kungoja hoja zetu ziive, ilmradi kila msaada uandikwe pamoja na sababu iliyoufanya uhitajike.

Kuhusu kufaa au kutofaa, waeleze wanaokuuliza habari za Hebroni, mji wa Ukingo wa Magharibi. Huko waangalizi wa kimataifa waliwekwa baada ya waumini 29 kuuawa kwa risasi katika Msikiti wa Ibrahimu, Februari 1994. Januari 2019 Waziri Mkuu wa Israeli, Benjamin Netanyahu, alikataa kuongeza muda wao, na mwezi huohuo Baraza la Makanisa likawaondoa watu wake mjini humo kwa sababu ya bughudha za walowezi wa Kiisraeli. Asiyefaa kitu hafukuzwi.

Basi ukienda, andika tarehe, saa na mahali, na ulichokiona kwa macho yako mwenyewe, si ulichohadithiwa. Majina ya Wapalestina waliozungumza nawe yasikae kwenye simu yako, kwani inaweza kupekuliwa uwanja wa ndege. Na kila Jumapili mpigie mama yako kabla hujanipigia mimi.

Mjomba wako