Kwa wajukuu zangu mnaochimba mchanga Mto Mbezi

Wajukuu zangu,

Hamjambo. Nimeona niwaandikie hadharani, msome ninyi na wazazi wenu pia, kwa sababu tukikutana mtoni mnanipa shikamoo ya haraka na kuinamia makoleo, mkidhani nimekuja kuwasema. Sijaja kuwasema. Wanne kati yenu niliwapokea kwa mikono hii mlipotoka tumboni kwa mama zenu, na ninajua nani anamlipia mdogo wake ada kwa huo mchanga.

Wiki iliyopita nilikwenda kumjulia hali jirani yangu wa ng'ambo. Nilimkuta amesimama na fundi nyuma ya nyumba, wanapanga ukuta wa matairi ya lori, yamepandiana kama ngazi, kila tairi limeshindiliwa udongo na mchanga. Huo ni ukuta wa tatu. Wa kwanza ulibebwa na masika, wa pili ukabebwa na masika mengine. Choo kimeshakwenda, mpapai umeshakwenda, na sasa kutoka dirisha la chumba wanacholala watoto hadi ukingoni nilihesabu hatua saba, hatua zangu mimi mzee. Nikiwa bado nimesimama, Kenta ikarudi nyuma, ikamwaga tripu ya mchanga. Nikamuuliza dereva ameutoa wapi. Akanielekeza kwa kidevu: pale juu, kwenye kona ya mto.

Ilinibidi nikae. Mchanga umechotwa mtoni, na kwa kuwa umechotwa, mto unakula ukingo. Ukingo ukiliwa, jirani yangu ananunua mchanga. Akinunua, ninyi mnarudi kuchota. Kila tripu inazaa tripu nyingine, na hela yake yote ya kujilinda na mto ndiyo inayoulisha huo mto.

Mzunguko wa namna hii si mgeni kwangu. Nimekuwa mkunga miaka 34, na utungu wa uzazi ni huo huo. Kichwa cha mtoto kinakandamiza shingo ya kizazi. Mishipa ya fahamu inapeleka habari ubongoni. Tezi moja ndogo kama punje ya njegere, pituitari, inamwaga homoni iitwayo oksitosini kwenye damu, na tumbo la uzazi linakaza zaidi. Likikaza, kichwa kinakandamiza zaidi, habari inapanda tena, oksitosini inaongezeka. Ndiyo maana uchungu unaoanza kwa kugusagusa saa mbili usiku, alfajiri unamfanya mama ashike chuma cha kitanda. Lakini Mungu ameuwekea mlango wa kutokea: mtoto akishatoka, hakuna tena kinachokandamiza, mzunguko unakatika. Mizunguko inayojichochea mwilini ni michache, na kila mmoja una mwisho wake. Ukikosa mwisho, tunapoteza mtu.

Mingine karibu yote mwilini ni ya kutuliza. Mkila ugali, sukari inapanda kwenye damu. Kongosho linapata habari, linatoa insulini, sukari inashuka. Ikishuka mno, kongosho hilo hilo linatoa glukagoni, na ini linafungua akiba yake. Mchana kutwa mwili unajiuliza uko wapi na kujisahihisha, nanyi mnapiga koleo bila kujua. Mgonjwa wa kisukari ni mtu ambaye kwake mrejesho huo hauji, au unakuja na hausikilizwi. Mrejesho ni neno mnalolisikia kwenye vikao, likiwa na maana ya karatasi za mwisho wa semina. Mimi nalitumia kwa maana yake kamili: habari za ulichokitenda, zinazokurudia wewe uliyekitenda.

Nilipokuwa mdogo baba yangu alikuwa mvuvi hapo Kunduchi, mwenye mashua. Kijana mgeni akishika kana, ule mpini wa usukani, kwa mara ya kwanza, mambo yalikuwa yale yale siku zote. Anasukuma kana, mashua haigeuki papo hapo, anadhani haijasikia, anaongeza. Mara inageuka kwa nguvu zote alizoiomba, anashtuka, anaivuta upande wa pili, tena kupita kiasi. Ukitazama nyuma, njia yetu majini ni ya nyoka. Baba alikuwa akimshika mkono na kumwambia, "Umeshauliza, subiri ujibiwe." Nimekuja kusoma ukubwani kwamba miaka ya 1940 mwanahisabati wa Marekani, Norbert Wiener, alipotafuta jina la elimu ya viumbe na mashine zinazojiongoza kwa mrejesho, alilichukua kwenye neno la Kigiriki la mshika usukani. Akaiita sibernetiki. Nilifurahi sana kuona kwamba msomi yule na baba yangu walitazama kitu kimoja.

Mto nao hujibu, ila unachelewa, na hapo ndipo ninapowaomba mnisikilize. Ninyi mnachimba kiangazi, maji yakiwa membamba kama mkanda. Shimo linabaki kimya. Mvua zikija, maji yanaporomokea kwenye lile shimo na kubomoa mdomo wake wa juu. Mdomo unarudi nyuma, hatua kwa hatua, kuelekea mto unakotoka. Shimo linapanda mto. Nyumba inayoanguka inaweza kuwa mbali, juu kabisa ya mahali mlipochimba, ya mama ambaye hajawahi kuwaona. Na chini ya shimo, maji yaliyoacha mchanga wake humo ndani yanapita mepesi, yenye nguvu ya kukwangua, yanachukua mwingine kwenye kingo. Jibu lenu linafika miezi baadaye na kubisha hodi kwenye mlango wa mwingine. Wengi wenu hamkai bondeni. Mngelijuaje?

Hata ufukwe unalipa. Mchanga wa Kunduchi sehemu kubwa uliletwa na mito hii yetu. Bahari huuchukua kila siku, na zamani mto ulikuwa ukiurudisha. Pale baba alipokuwa akianika nyavu sasa ni maji. Wenye hoteli walijenga kuta za mawe kuingia baharini. Mchanga ukajaa upande mmoja wa ukuta, upande wa pili ukazidi kuliwa.

Nimeona pia marufuku zinavyokwenda. Mgambo wakija mchana, mnachimba usiku. Tripu ya usiku ni ghali zaidi, na bei hiyo inawaita vijana wa mitaa mingine ambao hawakuwa na habari na mto huu. Sisemi sheria ipuuzwe. Nasema sheria inayofika mara moja kwa mwezi kwenye karandinga haiwezi kuwa mrejesho wa kila siku. Huo lazima uwe wa kwetu.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Kona ile ya juu iacheni tangu leo, pamoja na pale karibu na kivuko cha miguu. Tusimike nguzo tatu: moja kwenye kona, moja kivukoni, moja nyuma ya kwa jirani yangu, zipigwe mistari ya rangi. Kila Jumamosi mmoja wenu apime kina cha mto na umbali wa ukingo, aandike kwenye daftari, na namba zisomwe kwenye kikao cha mtaa mbele ya wachimbaji na wenye nyumba pamoja. Anayechimba aione nyumba inavyosogelewa wiki hiyo hiyo, asingoje masika. Nimeshaongea na mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Daftari likijaa vuli moja, tutalipeleka Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, wenye dhamana ya mito hii, tuwaulize kama kuna mahali mchanga unajirundika kiasi kwamba kuutoa ni kuusaidia mto, na ninyi mpate kazi hiyo kwa kibali. Wakisema hakuna, nitakaa na kila mmoja wenu tutafute la kufanya. Nina marafiki wenye karakana, na sijasahau jina la hata mmoja niliyempokea.

Rangi nyekundu nimeshanunua, kopo mbili, ziko barazani kwangu. Nguzo mtazikata ninyi. Tukutane kivukoni Jumamosi saa kumi jioni, na mwenye futi kamba aje nayo.

Bibi yenu mkunga,
Mbezi, Dar es Salaam