Malalamiko kuhusu echeveria mlizoniuzia na kadi yake ya maelezo

Nairobi,
30 Juni 2025

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

KUH: ECHEVERIA ZILIZOOZA KWA KUFUATA KADI YENU

Tarehe 26 Aprili nilinunua kwenu echeveria sita, mimea midogo ya mapambo yenye majani manene, kila moja na chungu chake cha kauri, kwa shilingi 5,400. Nilimnunulia mama yangu, ambaye amelima maisha yake yote na sasa magoti hayamruhusu kufika shambani. Zimebaki mbili.

Kadi iliyochomekwa kwenye kila chungu inasema: "Mwagilia kila siku. Hustawi ndani ya nyumba hata pasipo na jua." Mama aliitii. Kila asubuhi alimimina maji nusu kikombe katikati ya majani. Wiki ya tatu majani ya chini yaligeuka manjano, yakalegea kama karatasi iliyolowa mafuta, na kila akiyagusa yanadondoka. Akanipigia simu kuniambia mkono wake siku hizi hauoteshi kitu. Hilo limeniuma kuliko pesa.

Mkono wa mama hauna kosa. Echeveria kwao hasa ni Mexico, kwenye miamba na miteremko ambako maji hayatuami. Akiba yake ya maji imo ndani ya yale majani manene. Mizizi ikikaa kwenye tope hukosa hewa ikaoza, na kwa siku kadhaa majani ya juu hubaki mazuri kama waridi ilhali shina limeshakwisha. Mmea huu humwagiliwa maji pale tu udongo ukishakauka mpaka chini, maji yapite yatoke, kisha uachwe. Na jua unalitaka sana: uliokaa kwenye meza ya sebuleni ulirefuka shingo, majani yakaachana, umbo likapotea.

Nilipovunja vyungu niliona mengine. Havina tundu chini, hata kimoja. Udongo ni ule mweusi wa mfinyanzi, unaonata. Juu yake mmegandisha kokoto nyeupe kwa gundi, bamba zima, mtu asiweze kutia kidole kupima unyevu. Mama angejuaje?

Zile mbili nilizikata shina juu ya sehemu iliyooza, nikaziacha kivulini siku tano mpaka kidonda kikakauka, nikazipanda kwenye mchanga wa mto uliochanganywa na pumisi, yale mawe mepesi ya volkano. Majani mazima manane niliyalaza juu ya mchanga huohuo, na matatu yameshatoa vichipukizi vidogo kama punje za mtama. Haya nimeyafanya mimi. Kadi yenu haina hata neno moja juu yake.

Naomba mnirudishie shilingi 3,600 za mimea minne iliyokufa. Kadi hiyo iondolewe, vyungu vitobolewe, gundi iachwe, na waliokwisha kununua watumiwe ujumbe wa masahihisho kabla mimea yao haijaoza.

Tena naomba mwandike barua fupi kwa mama, kwa Kiswahili, mkimweleza kwamba maelezo yalikuwa na makosa na yeye aliyafuata sawasawa. Mimi nimemwambia mara nyingi, lakini anaona namfariji tu. Alisoma kadi yenu akaiamini. Akisoma barua yenu ataiamini pia.

Picha za vyungu, kadi na risiti nimeambatisha.

Wenu,
Mteja