Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Waheshimiwa wanachama wa chama chetu cha historia hapa Mombasa, hamjambo.

Ya kawaida nitayapita mbio kwa kuwa mnayajua. Vikao vya kamati vilifanyika, isipokuwa viwili vilivyoahirishwa kwa kukosa akidi. Mhadhara kuhusu Rabai, kituo cha kale cha wamishonari, ulifanyika. Ule wa mmishonari Krapf na mkewe Rosine, aliyefariki 1844 na kuzikwa upande wa Nyali, nao ulifanyika. Kabati la vitabu limepata kufuli. Mengine katibu atayasoma.

Nataka nikae kwenye suala la ziara, maana limesemwa sana, na zaidi limesemwa nisipokuwepo.

Ni kweli ziara ya mwaka ilipangwa kwenda Lamu. Ni kweli pia kwamba mimi ndiye niliyependekeza twende Freretown, upande wa Kisauni, badala yake, na kamati ikakubali kwa kura nne dhidi ya mbili. Inadaiwa nimewapeleka watu “hapo Kisauni tu”, mahali mtu anapopita kila siku kwa matatu. Basi nijibu.

Freretown haikuanza kama kitongoji cha mji. Mwaka 1873 Sir Bartle Frere alitumwa na Uingereza kumshinikiza Sultani Barghash wa Zanzibar, na mwaka huohuo ukatiwa sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini. Lakini waliokombolewa majahazini wangekwenda wapi? Miaka ya nyuma baadhi walipelekwa India, wakasomeshwa na wamishonari wa CMS, shirika la kimishonari la Kianglikana, karibu na Nasik. William Salter Price, aliyewahi kuwalea huko, ndiye aliyefungua kituo hapa kwetu 1875, bara ng'ambo ya kisiwa, kikapewa jina la Frere. Kanisa la Emmanuel lilitokana na jamii hiyo: watu waliong'olewa kwao, wakakutanishwa hapa wakiwa na lugha mbalimbali, wakaanza maisha upya.

Wenye watumwa mjini hawakufurahi, hasa watoro walipoanza kukimbilia huko. Ndiyo sababu kituo kikawekewa kengele, ambayo kazi yake ilikuwa kuwaonya wakazi kuwa wavamizi wanakuja, na ndiyo iliyoupa mtaa jina. Leo makondakta wanaita “Kengeleni! Kengeleni!” kutwa nzima, abiria wanashuka na mizigo yao na kuipita kengele yenyewe bila kuinua macho. Siku ya ziara niliwaona wanachama wetu wawili, wamechelewa, wamesimama hatua chache kutoka hapo, wananipigia simu kuuliza kengele iko wapi. Hao ndio wanaosema Freretown wanaijua.

Kisha kuna William Jones na Ishmael Semler, wote wawili waliopitia utumwa na India. Askofu James Hannington aliwaweka wakfu kuwa mashemasi mwaka 1885. Mwaka huohuo Jones alifuatana na askofu kuelekea Uganda. Hannington akauawa Busoga, na Jones ndiye aliyewarudisha pwani waliosalia kwenye msafara. Tuna watu wa namna hiyo upande wa pili wa daraja, na bado tunaambiwa historia iko Lamu!

Mwanachama mmoja amelalamika kwa maandishi kwamba nilitaja viboko. Nilivitaja, na nitavitaja tena. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 msimamizi wa kituo alishutumiwa kwa kuwachapa wakazi, na jambo hilo likachunguzwa. Hatuwezi kulisifu kanisa tukafumba macho kwa yaliyotendeka uani. Kama kulitaja ni kuvunjia watu heshima, basi chama cha historia hatukihitaji, tuanzishe cha harusi.

Sasa fedha, kwa wale wanaodhani Lamu ilizuiwa na ukaidi wangu. Ada ni Sh1,000 kwa mwaka. Daftari lina wanachama 58, na waliolipa ni 21. Basi la Lamu pekee lilitakiwa Sh45,000, malazi mbali. Freretown ilitugharimu Sh6,200 pamoja na chai. Mahamri yalitoka nyumbani kwangu, hayamo kwenye hesabu hiyo wala sijayadai. Arbuni ya Sh5,000 tuliyolipia basi la Lamu haijarudi yote, na mweka hazina anaifuatilia.

Waliofika ni 13, nikiwemo mimi. Waliopaza sauti kwenye kundi la WhatsApp hakuonekana hata mmoja. Sitawataja, wanajijua, na wengine wameketi hapa mbele.

Mwaka ujao, Mungu akijaalia, tunatumaini kuandika kijitabu kuhusu Freretown, ikiwemo habari ya chuo cha wachungaji kilichohamia Limuru mwaka 1930 na leo ni Chuo Kikuu cha St Paul's. Pengine tutalitembelea pia kanisa kuu la ukumbusho mjini, la mwaka 1905. Lamu nayo haijafutwa, ikipatikana njia.

Mwisho ni uchaguzi. Nimesikia kuna wanaokusudia kugombea nafasi hii, na ni haki yao. Daftari la ada liko mezani kwa mweka hazina hadi saa tano. Kwa katiba yetu asiyelipa hapigi kura wala hapigiwi.